Ratiba ya Chanjo za Mtoto wa Mbwa: Hesabu Wiki, Usihesabu Sindano

Inauma kuona mtoto wa mbwa anakufa kwa parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, huku kadi yake ya chanjo ina mihuri mitatu. Na hutokea. Mwenye mbwa anaitoa kadi, kila mstari umejazwa, na bado mtoto amelala chini anatapika na kuharisha damu. Ukikaa ukazisoma tarehe kwa makini, mara nyingi jibu limo humo humo: dozi ya mwisho alichomwa akiwa na wiki 10 au 12, kisha watu wakaiweka kadi kabatini wakiamini kazi imeisha. Sindano zilikuwa tatu kweli, lakini zilichomwa mapema mno.

Mwongozo huu ni wa kupanga ratiba ili jambo hilo lisikukute. Daktari wa mifugo ndiye atakayechanja na kuamua aina ya chanjo, ila kalenda ni jukumu lako wewe unayelala nyumba moja na huyo mbwa.

Kwa nini dozi zinarudiwa

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu bila kinga. Kinga yake ya mwanzo anaipata kwa mama kupitia dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na ni lazima ayanyonye ndani ya siku yake ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo utumbo wake haupitishi tena kingamwili za mama kuingia kwenye damu. Kinga hiyo humlinda kwa wiki kadhaa, lakini ina tabia moja ya kusumbua: haitofautishi virusi vya ugonjwa na virusi vilivyodhoofishwa vilivyomo kwenye chanjo. Ni kama mlinzi wa getini anayefukuza mwizi na fundi vilevile. Chanjo ikiingia wakati kingamwili za mama bado ni nyingi, inazimwa kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote.

Kingamwili hizo hupungua taratibu, na hakuna anayeweza kusema zitakwisha lini kwa kumtazama tu mtoto. Kwa mmoja zinaweza kwisha wiki ya 7, kwa ndugu yake wa tumbo moja wiki ya 13. Tena kabla hazijaisha kabisa kuna kipindi kibaya sana, ambapo zimebaki chache kiasi cha kushindwa kuuzuia ugonjwa, lakini bado zinatosha kuizima chanjo. Parvo hupenda kupiga hapo. Ndiyo maana dozi hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4: dozi moja ikimkuta kwa wakati wake inatosha kabisa kumfundisha mwili, ila hatujui wakati wake ni upi, kwa hiyo tunarudia ili mojawapo imkute kinga ya mama imeshaondoka.

Kufikia wiki ya 16, karibu watoto wote wameshaishiwa na kinga ya mama. Miongozo ya WSAVA, jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa wanyama wadogo, inashauri kuanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kurudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho ya mfululizo huo ichomwe mtoto akiwa na wiki 16 au zaidi. Aliyechanjwa mara 4 akaishia wiki ya 12 yuko hatarini kuliko aliyechanjwa mara 2 tu, ya pili ikiwa wiki ya 16.

Hatua ya 1: Pata tarehe ya kuzaliwa

Muulize aliyekupa mtoto tarehe kamili, usiridhike na "ana miezi miwili hivi". Watu hupenda kuongeza umri, hasa anayetaka mtoto aondoke mapema kwa mama yake.

Ikiwa umemwokota au hakuna anayejua, mtazame meno. Meno ya utotoni, ya mbele pamoja na chonge, hutoka kati ya wiki ya 3 na ya 6. Mfungue mdomo polepole penye mwanga. Ukiona meno membamba meupe yenye ncha za kuchoma kidole, yote yamesimama na hakuna pengo, huyo yuko mahali fulani kati ya wiki 6 na 12. Ukiona yale mawili ya katikati yameng'oka, au meno mapana yanachungulia kwenye ufizi, ameshapita wiki 12 na huenda yuko karibu na 16. Chonge za ukubwani huja baadaye, karibu na miezi 5 au 6.

Unapokisia, kisia umri mdogo. Ukidhani ana wiki 9 kumbe ana 11, dozi ya mwisho itachelewa kidogo tu na bado itakuwa imepita wiki ya 16. Ukidhani ana 11 kumbe ana 9, utafunga kadi kabla ya wakati.

Hatua ya 2: Isome kadi uliyokuja nayo

Kama mtoto amekuja na kadi, isome kibandiko kwa kibandiko. Vibandiko hivyo vidogo hubanduliwa kwenye kichupa cha chanjo na kubandikwa kwenye kadi. Vina jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pembeni pawe na tarehe aliyochanjwa, sahihi na muhuri wa daktari. Mstari ulioandikwa kwa kalamu tu "amechanjwa", bila kibandiko wala muhuri, mimi huuhesabu kuwa haupo. Dozi moja ya ziada haimdhuru mtoto mwenye afya. Kukosa dozi kunaweza kumuua.

Herufi zilizo kwenye kibandiko ndizo zinazokuambia alichanjwa nini. D ni distempa, ugonjwa unaoanza na mafua na makamasi ya macho na pua na unaoweza kuishia kwenye kifafa. H, au A kwa baadhi ya watengenezaji, ni homa ya ini ya mbwa. P ni parvo. Hizo tatu ni za lazima kwa kila mbwa popote alipo. Pi ni mojawapo ya virusi vya kikohozi cha mbwa. L ni leptospirosisi, ile homa ya mgunda inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine na ambayo binadamu pia huipata. R ni kichaa cha mbwa.

Usiitazame namba kubwa iliyoandikwa kwenye kichupa, kwamba hii ni ya magonjwa matano na ile ni ya manane, ukadhani kubwa ndiyo bora. Tazama kama D, H na P zimo, kisha ujadiliane na daktari kuhusu L kulingana na mazingira anamoishi mbwa wako. Kwenye panya wengi, maji yaliyotuama au mifugo, mimi naiona L kuwa ya lazima vilevile.

Hatua ya 3: Andika kalenda nzima kwa siku moja

Usisubiri uambiwe "rudi mwezi ujao". Mwezi si wiki 4, na siku hizo mbili tatu za ziada hujikusanya. Kaa na kalenda, anzia tarehe ya kuzaliwa, uhesabu saba saba. Tuseme mtoto amezaliwa tarehe 3 Machi:

28 Aprili, wiki 8: mchanganyiko wa D, H na P, dozi ya kwanza.
26 Mei, wiki 12: mchanganyiko, dozi ya pili, L ya kwanza, na kichaa cha mbwa.
23 Juni, wiki 16: mchanganyiko, dozi ya tatu, L ya pili.
1 Septemba, wiki 26: mchanganyiko, nyongeza.
26 Mei mwaka unaofuata: nyongeza ya kichaa cha mbwa.
23 Juni mwaka unaofuata: nyongeza ya L.

Kwa kuwa unahesabu kwa wiki, tarehe zote za mwaka wa kwanza hadi ya Septemba zinaangukia siku ileile ya juma aliyozaliwa. Ni njia rahisi ya kukagua hesabu yako: zikitofautiana siku, kuna mahali umekosea. Kama kliniki imefungwa siku hiyo, sogeza mbele siku moja au mbili. Dozi ya wiki ya 16 usiirudishe nyuma kabisa.

Mahali ambapo parvo imetanda, au mama wa mtoto hakuwahi kuchanjwa, daktari anaweza kuanza mapema zaidi na kubana nafasi: wiki ya 6, ya 9, ya 12 na ya 16. Kwa mtoto wetu wa mfano ingekuwa 14 Aprili, 5 Mei, 26 Mei na 23 Juni. Ona kwamba mwisho haubadiliki. Unaweza kuongeza dozi mwanzoni upendavyo, lakini huwezi kuufupisha mwisho.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia wiki ya 12. Kwenye kampeni za chanjo za mitaani watoto wadogo kuliko hapo huchanjwa pia, na ni jambo jema, kwa sababu kundi kubwa la mbwa linalindwa kwa siku moja. Aliyechanjwa hivyo arudiwe akifika wiki 12. Tarehe ya kurudia hufuata sheria ya nchi na maelezo ya chanjo yenyewe.

Hatua ya 4: Mfikishe akiwa mzima

Mtoto aliyejaa minyoo au mwenye homa hajengi kinga vizuri. Minyoo ya mviringo hupita kwa mama tangu mtoto yuko tumboni, na tena kwenye maziwa, kwa hiyo hata mtoto msafi anayelala ndani ana minyoo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 hadi wiki ya 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mpime uzito kila mara kabla ya kumpa, maana anakua haraka na dozi ya wiki iliyopita haimtoshi.

Asubuhi ya siku ya chanjo mtazame. Amekula? Anacheza? Kinyesi kimeshikana? Kama una kipimajoto, joto la kawaida la mbwa kwa njia ya haja kubwa ni karibu nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likizidi 39.5, au anatapika, au anaharisha, mpigie daktari kabla hujatoka nyumbani. Kuahirisha siku chache hakuharibu ratiba.

Hatua ya 5: Ndani ya kliniki

Mbebe mkononi au kwenye kikapu kuanzia mlangoni hadi mezani. Sakafu ya chumba cha kungojea imekanyagwa na mbwa wagonjwa, na mtoto wako bado hajakamilisha kinga.

Omba uonyeshwe kichupa. Hili ni haki yako na daktari mzuri hulifurahia. Chanjo hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto inakufa, na nyingine zikiganda zinaharibika pia. Mara nyingi utaona vichupa viwili. Kimoja kina tone kavu lililoganda chini, jeupe au la rangi hafifu, kingine kina maji. Daktari anavuta maji, anayaingiza kwenye kile kikavu, anazungusha taratibu mpaka vyote viyeyuke, kisha anachoma hapo hapo. Wakati mwingine hayo "maji" yenyewe ndiyo chanjo ya L, kwa hiyo angalia vibandiko viwili vikibandikwa. Chanjo iliyochanganywa haikai: ikikutwa tayari ndani ya bomba la sindano tangu asubuhi, ikatae.

Dozi haipunguzwi kwa sababu mtoto ni mdogo. Mbwa wa kilo 1 na wa kilo 30 huchomwa dozi nzima ileile, na kichupa kimoja hakigawanywi kwa ndugu wawili. Anayekupunguzia gharama kwa kugawa dozi anawaacha wote wawili bila kinga.

Wapo wanaonunua chanjo dukani na kuchoma wenyewe. Sishauri. Hujui kichupa kilipita wapi kabla ya kufika kwenye jokofu la muuzaji, mtoto akipata mzio huna dawa mkononi, na cheti cha kichaa cha mbwa kisicho na sahihi ya daktari hakitambuliki katika nchi nyingi.

Baada ya sindano, kaa hapo nusu saa. Mzio mkali ni nadra, lakini ukija huja mapema: uso kuvimba, vipele vya ghafla, kutapika mfululizo, kupumua kwa shida, ufizi kupauka. Ukiviona, hata kama umeshafika nyumbani, rudi mara moja, usisubiri kesho.

Hatua ya 6: Siku zinazofuata

Kusinzia, kula kidogo na kuumwa pale alipochomwa kwa siku moja au mbili ni kawaida. Uvimbe mdogo mgumu unaweza kubaki kwa wiki chache kisha ukapotea. Ukikua badala ya kupungua, mwonyeshe daktari. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua mbwa. Watu huuliza kuhusu kumwogesha: maji hayaondoi chanjo iliyo chini ya ngozi, ila siku hiyo mwache apumzike.

Hatua ya 7: Kumlinda huku ratiba inaendelea

Hapa ndipo penye mtego. Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu ya 14, ubongo wa mtoto wa mbwa unajifunza nani ni rafiki na nini si cha kuogopwa. Ukimfungia ndani mpaka wiki ya 17 umemlinda na parvo, lakini umejitengenezea mbwa mwoga atakayeuma watu. Ukimwacha azurure, unaweza usimwone wiki ya 17.

Njia iliyopo ni kumtoa bila kumweka chini. Mbebe asikie pikipiki, watoto wakipiga kelele, mvua, redio. Waalike watu nyumbani wamshike, wakiwa wamevua viatu mlangoni na kunawa mikono. Mkutanishe na mbwa wakubwa unaowajua, wazima, waliochanjwa, kwenye uwanja ambao hakuna mbwa aliyeugua. Mahali pa kuepuka ni pale mbwa wasiojulikana wanapojisaidia: kandokando ya njia, jalalani, masokoni, viwanja vya wazi. Subiri wiki 1 hadi 2 baada ya dozi ya wiki ya 16 ndipo umwachilie huko.

Virusi vya parvo havihitaji mbwa mgonjwa awepo. Hukaa kwenye udongo wenye kivuli na unyevu kwa miezi mingi, hata kupita mwaka, na husafiri kwenye soli ya kiatu. Sabuni na spiriti haviviui. Kinachoviua ni klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, ikiachwa juu ya sakafu dakika 10, baada ya kuondoa kwanza uchafu wote, maana klorini ikikutana na kinyesi inaishiwa nguvu. Kama mbwa amekufa kwa parvo hapo kwako, usilete mtoto mwingine kabla hajafikisha wiki 16 na kumaliza chanjo huko alikotoka.

Mtoto akiumwa na mbwa asiyejulikana kabla ya chanjo ya kichaa, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Na kama ni wewe au mwanao ameumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha moja kwa moja hospitali. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona, mtu wala mbwa.

Hatua ya 8: Ukichelewa

Usione aibu ukakaa nyumbani. Nenda hata kama umechelewa mwezi mzima.

Kwa mchanganyiko wa D, H na P, mtoto aliye chini ya wiki 16 haanzi upya. Anachanjwa siku mnayofika, kisha ratiba inaendelea kila wiki 2 hadi 4 mpaka ipite wiki ya 16. Aliyepita wiki 16 na hajawahi kuchanjwa, au historia yake haijulikani, kwa kawaida hupewa dozi 2 zilizoachana wiki 2 hadi 4. Chanjo ya kichaa huchomwa siku hiyo hiyo, bila kungoja.

L ni tofauti, haisamehi. Inahitaji dozi mbili zilizokaribiana ili ishike, na ya pili ikichelewa zaidi ya wiki 6, madaktari wengi huanza upya. Kwa hiyo, kama unajua una safari, panga L ya kwanza baada ya kurudi.

Usijaribu kufidia kwa kubananisha. Chini ya wiki 2 kati ya dozi na dozi, mwili bado umeshughulika na ile ya kwanza na ya pili inaweza kupotea bure.

Hatua ya 9: Wiki ya 26 na baadaye

Tarehe ya Septemba kwenye mfano wetu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu mbwa ameshakua, anabweka, anaonekana imara. Ipo kwa ajili ya wale wachache ambao kinga ya mama iliwakalia hata kupita wiki ya 16. Zamani dozi hii ilingojwa mpaka mbwa afikishe mwaka. Siku hizi WSAVA inashauri iletwe mbele hadi wiki ya 26 au muda mfupi baadaye, ili mbwa aliyekosa kinga asikae miezi yote hiyo wazi.

Ikishachomwa, D, H na P hazihitajiki tena kila mwaka. Kila miaka 3 inatosha. L ni kila mwaka. Kichaa cha mbwa ni kila mwaka au kila miaka 3, kufuatana na chanjo iliyotumika na sheria. Kama unafikiria kusafiri naye nje ya nchi, mwombe daktari amwekee kichipu cha utambulisho kabla ya chanjo ya kichaa, kwa kuwa nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, hazihesabu chanjo iliyotangulia kichipu, na huko Ulaya chanjo ya kwanza huanza kutambuliwa siku 21 baada ya kuchomwa.

Kadi ipige picha pande zote kila baada ya chanjo, vibandiko vikiwa vinasomeka, na umtumie mtu mwingine wa nyumbani.